Mikunde Isiyonasa Nitrojeni: Uhakiki wa Dai la Urutubishaji katika Misitu ya Miyombo ya Handeni na Korogwe

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu misitu na kilimo mseto, dai moja hurudiwa bila kupimwa: kwamba miti ya jamii ya mikunde hurutubisha udongo kwa kunasa nitrojeni ya hewani. Sehemu hii inalihakiki dai hilo kwa kurejelea misitu ya miyombo ya ukanda wa Kwedizinga, kati ya Handeni na Korogwe. Dai ni sahihi kwa baadhi ya mikunde, lakini si kwa miti inayoutawala msitu wenyewe.

Kunasa nitrojeni ni kazi ya bakteria waishio ndani ya vinundu vya mizizi, wala si sifa ya ukoo mzima wa mimea. Mninga na mpingo huwa na vinundu. Myombo, mkongo na mkwaju, ingawa yote ni mikunde, haina. Tafiti za Peter Högberg nchini Tanzania, zilizochapishwa mwaka 1982 na 1986, zinaitenganisha miti ya miombo kwa msingi huo. Myombo hushirikiana na kuvu inayofunika ncha za mizizi yake kama ala. Uyoga mwingi unaookotwa chini ya miyombo wakati wa mvua ni zao la ushirika huo. Kuvu huusaidia mti kufyonza nitrojeni na fosforasi iliyokwishakuwamo udongoni. Haileti nitrojeni mpya.

Kwa sababu hiyo, matokeo ya Sarah Batterman na wenzake (2013) hayahamishiki kirahisi. Katika misitu inayochipua upya nchini Panama, waligundua kuwa miti inayonasa nitrojeni ilitoa zaidi ya nusu ya nitrojeni iliyohitajika katika miaka 12 ya mwanzo. Shamba la Handeni lililoachwa, likifunikwa na machipukizi ya visiki vya miyombo, halina mchango wa namna hiyo. Moto nao huzidisha upungufu: nitrojeni ya majani yaliyoungua hupaa, ilhali fosforasi nyingi husalia kwenye majivu.

Anayebeba gharama ya kosa hili ni mkulima. Mjohoro hupandwa sana, na kwa kuni na nguzo unastahili sifa zake. Lakini nao ni mkunde usio na vinundu. Majani yake yakioza, mahindi hupata nitrojeni ileile ambayo mti uliifyonza kutoka udongoni. Mavuno yakiondoka, hakuna kilichoifidia. Mlusina hunasa. Kuiweka miti hii miwili katika safu moja ya jedwali, eti kwa kuwa yote ni mikunde, ni kumshauri mkulima vibaya kwa lugha ya sayansi.

Lipo pia tatizo la mbinu. Mtafiti anayekadiria unasaji kwa uwiano wa isotopu ya nitrojeni 15 huhitaji mti wa kulinganishia usionasa, na myombo huonekana chaguo jepesi. Hata hivyo, Högberg alionyesha mwaka 1990 kwamba ushirika na kuvu unaweza kuacha alama yake katika uwiano huohuo. Mti wa kulinganishia uwe basi ule usio na vinundu wala kuvu ya aina hiyo, na mizizi ichimbuliwe wakati wa masika, kwa kuwa kiangazi vinundu vingi hunyauka na mti unaonasa ukaandikwa kuwa haunasi.