Kinyarwanda na Kiswahili: Kasoro za Orodha ya Safu Mbili

Tangu Bunge la Rwanda lilipopitisha, Februari 2017, sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, imezoeleka miongoni mwetu walimu kuanza mafunzo kwa orodha. Ubao hugawanywa safu mbili, huku Kinyarwanda, kule Kiswahili. Umuntu, mtu. Inyama, nyama. Amazi, maji. Igitabo, kitabu. Wanafunzi hufurahi, mwalimu naye hufurahi, na somo humalizika kwa tamko kwamba lugha hizi ni ndugu, kwa hiyo Kiswahili ni chepesi. Sisi tunaofundisha huku Batsinda, mjini Kigali, tumeitumia orodha hiyo kwa muda mrefu, na twakiri kwamba siku ya kwanza ilitufaa. Kuanzia siku ya pili ilituharibia kazi.

Kasoro yake ya kwanza ni kuchanganya urithi na mkopo. Maji na amazi yametoka katika shina moja la kale la Kibantu. Kitabu na igitabo hayakutoka huko. Hilo ni neno la Kiarabu ambalo Wanyarwanda walilipokea kwa njia ya Kiswahili, wakalivika irabu ya mwanzo, nalo likatii ngeli bila ubishi, ibitabo kama vitabu. Idirishya, isabune, isaha na umwarimu yamepita njia hiyo hiyo. Ishuri, kama shule, chanzo chake ni Kijerumani. Maneno ya namna hii yana habari nyingi za biashara, dini na utawala, lakini hayathibitishi nasaba yoyote.

Nasaba yenyewe haitafutwi katika maneno yanayofanana, bali katika yale yanayotofautiana kwa kanuni. Jina la mtaa wetu latosha kuwa mfano. Batsinda, likisomwa kama kitenzi cha Kinyarwanda, maana yake ni "wao hushinda". Mwanafunzi haoni Kiswahili chochote ndani yake, na hakuna orodha tuliyopata kuiona iliyoliweka. Lakini mwandikieni umwotsi na moshi, kisha tsinda na shinda, mumwache atazame. Ataona mwenyewe kwamba tsi ya upande mmoja yaitikiwa na shi ya upande wa pili. Mpeni abantu na watu, ndipo ataelewa kwa nini ba- ya Batsinda ni wa- kwetu. Mpeni amaso na macho, guseka na kucheka. Kisha kubona na kuona, ambapo b imedondoka kabisa. Si kila shi ina tsi yake, na mwalimu aseme hivyo mapema. Njia hii si mpya: Carl Meinhof aliifuata katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya sauti za lugha za Kibantu, na Guthrie baada yake, ambaye hata hivyo aliziweka lugha zetu mbili katika kanda tofauti, Kinyarwanda D na Kiswahili G. Undugu upo, ila si wa toka nitoke.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Orodha humfundisha mtoto kuamini sura ya neno. Shinda na tsinda ni mapacha mpaka mtu amsalimu kijana "umeshindaje?", naye akabaki kujiuliza ni mchezo gani huo alioushinda, kwa kuwa habari za kutwa Kinyarwanda huzieleza kwa kwirirwa. Guteka ni kupika. Kuteka ni kuchota maji, au kumkamata mtu kwa nguvu. Na kubaka kwa Kinyarwanda ni kujenga.

Mwanafunzi wetu mmoja aliandika katika insha kwamba baba yake "alibaka nyumba" kwa mikono yake, akaisoma mbele ya darasa kwa fahari. Waliokulia Tanzania waliangua kicheko, na mwalimu mmoja aliyekuwapo akamkemea kama mtovu wa adabu. Insha ilikuwa nzuri. Muhula mzima uliofuata kijana yule hakunyanyua mkono. Twauliza: kosa lilikuwa la nani? Yeye alifuata sawasawa kanuni tuliyompa, kwamba lugha hizi ni ndugu na neno la nyumbani litamfikisha.

Iko pia hasara ya kutolinganisha pale palipo na utajiri. Padri Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Wanyarwanda, aliyagawa mambo yote yaliyopo katika makundi manne kwa kufuata ngeli: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Wengi wameisifu hoja hiyo kuwa ni ya Wabantu wote. Ipimeni kwa Kiswahili. Mtu na kitu tunavyo. Ahantu? Sisi twasema mahali, neno la Kiarabu, ingawa ngeli ya pa- bado yalitawala. Ukuntu? Twasema jinsi au namna, nayo pia ni ya kuazima. Je, Mswahili amepoteza nusu ya falsafa yake, au ni Kagame aliyeipa sarufi mzigo usioubeba? Sisi twaelekea jibu la pili, na twasema hivyo bila kumpunguzia heshima yake. Swali hili tumeliuliza katika kidato cha tano, na hatujapata kuona darasa likibishana kwa Kiswahili kwa moto kama siku ile.

Na neno hilo hilo mahali lina mtego wake. Kinyarwanda hakitenganishi l na r kuwa sauti mbili zenye kubadili maana, hivyo mwanafunzi hutamka mahali, msikilizaji akasikia mahari. Orodha ya safu mbili haina nafasi ya kulieleza jambo hili. Tumeongeza safu ya tatu kwenye ubao wetu, nayo huanza tupu. Hujazwa na wanafunzi wenyewe, kwa makosa yao, kila mmoja akieleza neno lilimpotosha wapi. Kubaka ndilo lililotangulia, na aliyeliandika ni yule yule kijana.