Mafungu Matatu ya Risasi

Risasi iliyolowa maji ya bahari haionyeshi ugonjwa wake upesi. Ukiifuta kwa kitambaa inang'aa: ganda la shaba njano, kichwa chenye ncha, kitako chenye mhuri wa kiwanda. Lakini chumvi imeshapenya pembeni mwa fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, na fataki ikifa, kilichobaki ni mzigo mtupu kiunoni mwa askari.

Mkasa huo uliwapata Wajerumani wa koloni la Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikuwa imepenya vizuizi vya Waingereza baharini ikiwa na bunduki, risasi, na makaa ya mawe ya kuiokoa manowari yao Königsberg iliyokwama Rufiji. Tarehe 14 manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaifumania. Nahodha wa Rubens, Carl Christiansen, akaikimbizia Manza kwenye maji mafupi na kuwasha moto sitahani. Waingereza wakaipiga mizinga, wakaona moshi, wakaamini imekwisha, wakaenda zao. Shehena ikaopolewa, na ndani yake mlikuwa na risasi kwa mamilioni.

Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni hilo, lilizihitaji mno. Askari wengi walikuwa bado wanabeba bunduki za mtindo wa 1871, ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui mahali ulipolala. Risasi za Manza zilikuwa za Mauser mpya: kipenyo milimita 7.92, kichwa cha ncha kali chenye uzito wa gramu 10 hivi, baruti isiyo na moshi. Zilipokauka zilionekana nzima. Muda ulivyokwenda zikaanza kugoma, moja leo, kumi kesho. Lettow-Vorbeck anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba hapakuwa na njia ila kuzifumua, kusafisha baruti, na kuzitia fataki mpya zilizohitaji.

Kufumua risasi ni kazi ya polepole, na haina njia ya mkato. Mtu hushika moja, halafu nyingine.

Kwanza hutoka kichwa. Shingo ya ganda imekibana kwa nguvu. Ukikivuta upande, shingo hupinda, na ganda lililopinda shingo halishiki tena sawasawa. Huvutwa wima, kwa mkono usio na haraka. Kikishatoka hutazamwa, na hapa ndipo jicho la fundi linapojulikana. Mgeni hutazama ncha, kwa kuwa ndiyo inayovutia. Fundi hugeuza kichwa na kutazama kitako. Ncha iliyochubuka kidogo haipotezi shabaha sana. Kitako kilichobonyea hupoteza, kwa sababu kichwa kinapotoka mdomoni mwa mtutu hewa ya baruti hukipita upande mmoja kabla ya mwingine na kukisukuma kombo. Mpaka leo baadhi ya walenga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe huanza hapohapo: kitako, kisha kipenyo, kisha mizani. Vichwa vyenye uzito mmoja huwekwa pamoja, na kilichozidi au kupungua hutengwa hata kama ni kizuri kwa macho. Kinachosakwa ni kufanana tu.

Baruti humwagwa ikatazamwa. Ile ya Mauser ilikuwa vipande vidogo bapa, na yenyewe huvumilia maji kuliko watu wanavyodhani. Adui ni chumvi inayobaki na unyevu unaong'ang'ania. Iliyoshikana mabonge haina budi kutenganishwa na kukaushwa, mbali na moto, mpaka imiminike tena bila kugandana. Ganda nalo hufutwa kutu ya kijani na kukaguliwa shingoni. Ufa mwembamba kama unywele watosha kulikataa.

Fataki ndizo zilizokuwa tabu kubwa. Koloni lilikuwa nazo, lakini za muundo mwingine. Kwa miezi kadhaa kila iliyopatikana ilikusanywa Moshi, mwisho wa reli itokayo Tanga, chini ya afisa wa silaha, Luteni Kühlwein. Fikiria ugumu wake: kikombe kidogo cha shaba, hakifiki ukubwa wa punje ya hindi, kinatakiwa kukaa katika tundu ambalo hakikutengenezewa. Kikizama zaidi ya kiasi, sindano ya bunduki hugusa hewa. Kikichomoza, huenda kikalipuka wakati askari anafunga kufuli, usoni pake. Kidole gumba hupitishwa juu ya kitako cha kila risasi, na ngozi hutambua kile ambacho jicho limekosa. Kisha baruti hurudishwa kwa kipimo kilekile, kichwa husukumwa ndani kwa kina kilekile, risasi inawekwa kando. Inachukuliwa nyingine.

Baada ya hapo yakaja majaribio, na kwangu ndiyo sehemu inayostahili heshima kuliko zote. Wapo mafundi wengi wanaoweza kutengeneza. Wanaokubali kuihukumu kazi yao kwa haki ni wachache. Kila fungu lilijaribiwa kwa kupigwa. Risasi ambazo hazikuharibika ziliwekewa bombomu, kwa maana bunduki ya rashasha ikigomewa na risasi moja husimama yote mpaka mpigaji aivute kwa mkono. Fungu lililogoma kama asilimia 20 lilikwenda kwa wenye bunduki za kawaida. Askari akisikia tiki tupu huvuta kufuli na kuendelea. Lililogoma asilimia 60 na zaidi lilibaki la mazoezi. Nalo halikupotea bure: kuruta akibana kifyatuo na risasi isilie, mwalimu huona wazi kama mkono wake ulishtuka kabla ya wakati. Wakufunzi wa shabaha wa siku hizi huchanganya makusudi risasi bandia ili waone jambo hilohilo.



Neno moja kwa wakazi wa Mkinga, wilaya yenye ghuba ya Manza, na wavuvi wa pwani ile. Katika lile fungu baya kabisa, lililolowa, likafumuliwa na kukataliwa, bado hata risasi 40 katika kila 100 ziliweza kulia. Ukiokota risasi ya zamani mchangani au ikinaswa wavuni, usiikune kutafuta shaba wala kuigonga kwa jiwe. Iache hapo hapo, weka watoto mbali, kawaarifu polisi.