Mililita Mbili kwa Saa Tatu

Muuguzi wa zamu hunawa mikono hadi kwenye kiwiko, kisha husugua viganja mpaka vipate joto. Ndipo amguse mtoto. Njiti huyu, katika wodi ya watoto wachanga mjini Lodwar, ana gramu 900, na damu yake yote haizidi sana mililita 80. Mama yake ametoka Nariokotome, kule ambako mwaka 1984 mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alitambua kipande kidogo cha fuvu la binadamu wa kale katikati ya changarawe. Jicho la aina hiyo linahitajika hapa pia.

Nepi ilipimwa ikiwa kavu: gramu 15, zimeandikwa pembeni kwa kalamu. Muuguzi anaivua, anaikunja unyevu ukibaki ndani, anaiweka mizanini papo hapo, maana joto la Lodwar halichelewi kuukausha. Kumi na saba. Gramu moja ya mkojo ni kama mililita moja. Basi ni mililita mbili kwa saa tatu. Anagawanya kwa uzito wa kilo na kwa saa: mililita 0.7. Baada ya siku ya kwanza, chini ya 1 kunatia shaka juu ya figo. Hashtuki. Anarudi nyuma kwenye chati, nepi baada ya nepi, na kila safari namba imeshuka.

"Sista, ana nini?"

"Mkojo umepungua, mama. Tunaziangalia figo."

Sasa ndipo damu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Anaupasha mguu joto, anachoma ubavuni mwa kisigino, si katikati palipo karibu na mfupa. Tone la kwanza analifuta. Hakamui, maana chembe za damu zikipasuka, majibu yanaharibika. Anangoja tone lijae lenyewe.

Kreatinini, taka ya damuni inayochujwa na figo, siku za mwanzo bado hubeba ya mama, hivyo kipimo kimoja hakisemi mengi. Kinachotafutwa ni kupanda kwa miligramu 0.3 kwa desilita ndani ya saa 48. Shinikizo la damu nalo liko chini na maji hayajalipandisha, kwa hiyo daktari ameomba na kipimo cha kortisoli. Tezi zilizokaa juu ya figo, kwa njiti, huweza kushindwa kutoa homoni hiyo ya kutosha. Shinikizo likianguka, figo hukosa damu. Vipimo vyote viwili vinatoka kwenye mchomo huohuo, na kiasi kilichotolewa kinaandikwa.

Daktari anasoma chati, anaisogeza mbele dozi ya gentamisini, dawa inayoweza kuumiza figo, hadi majibu yarudi. Muuguzi anakata saa ya zamani kwa mstari mmoja, anaandika mpya.