Neno 'chotara' halitoshi kumweleza Mswahili

Mnamo Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa jenetiki uliochunguza mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa kati ya 1250 na 1800 katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Mmoja wa waandishi wake ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya. Utafiti huo ulibaini kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi, wageni kutoka Asia, wengi wao wanaume wa Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika.

Tangu hapo nimesikia watu wakifupisha mambo: "Kumbe Waswahili ni machotara tu!" Sina ugomvi na utafiti. Ugomvi wangu ni na neno hilo.

Chotara ni mtu ambaye wazazi wake ni wa asili mbili. Neno lenyewe linachukulia kuwa kuna pande mbili safi, naye yumo nusu huku, nusu kule. Haliwezi kuifaa jamii iliyooana kwa karne kumi. Isitoshe, mtaani ni tusi. Na anayeitwa nusu huishia kuulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Pwani swali hilo si mchezo, maana huibuka mtu anapoomba kitambulisho au kudai shamba la babu yake.

Wenyewe hujitaja vipi? Mombasa kuna Thenashara Taifa. Ndani ya Tisa Taifa wamo Wamtwapa, Wapate na watu wa Faza. Hayo ni majina ya miji, wala si vipimo vya damu. Kwa hiyo anayechimba Mtwapa asidhani amekuta magofu yasiyo na wenyewe.

Lugha nayo ni shahidi. Kiswahili kimo katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Uajemi ulitupa maneno kama 'bandari', lakini ngeli zetu ni za Kibantu. Tukiyasoma hayo pamoja na matokeo ya jenetiki, 'lugha ya mama' si msemo tu: yaelekea watoto wa wageni wale walilelewa kwa usemi wa mama zao.

Siku hizi wanaakiolojia husema wanashirikisha jamii. Vyema. Lakini kumpa mwenyeji jembe na karai, kisha kumwandikia ripoti kwa Kiingereza, ni kumwajiri kibarua. Ushirikiano uanze kabla ya kuchimba: wazee waulizwe wanataka kujua nini, wafu wao watazikwa upya vipi, na wao waitwe nani. Matokeo nayo yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ili mwenyeji aweze kuyapinga akiona yamepotoka. Wasomi wa Kiswahili tuna kazi hapo, kwani istilahi tusipozitoa sisi, 'chotara' litaendelea kuziba pengo.