Kupima Kiungo cha Benki na Vitabu vya Duka

Anayeuza programu ya hesabu mjini Butembo, Congo, ana onyesho moja asiloliacha. Anafungua laptop juu ya meza ya depo, anabofya mara moja, na mistari ya akaunti ya benki inateremka yenyewe: tarehe, jina, kiasi, tarehe, jina, kiasi. Mwenye depo, aliyezoea kumtuma kijana benki akaombe taarifa yenye mhuri, kisha kungoja mhasibu ainakili kwa mkono, anatabasamu. Ana haki. Ila onyesho hilo halijapima kitu, kwa sababu kuleta mistari ni kazi nyepesi na kiungo kibovu nacho kinaileta. Cha kuuliza ni hiki: siku mstari mmoja usipofika, programu itajuaje?

API ni mlango: programu yako inapiga hodi kwenye mfumo wa benki, inaonyesha ufunguo wake, inapewa kile tu ilichoruhusiwa kuchukua. Ulaya, kanuni ya PSD2 iliwalazimisha wenye benki kuufungua mlango huo kwa watoa huduma wenye leseni ambao mteja amewaridhia. Kwetu ni suala la makubaliano kati ya benki na mteja, na mteja mwenye depo moja mtaani hana sauti ya mwenye mgodi. Ndiyo maana Butembo na Beni kinachounganishwa mapema mara nyingi ni pesa ya simu. Vodacom ina API ya M-Pesa iliyo wazi kwa watengenezaji wa programu, na Congo imo ndani yake. Airtel na Orange nao wana zao. Upande wa benki, mara nyingi utakachopewa ni faili. Usilidharau faili. Taarifa iliyotoka kwa muundo wa MT940, au ule mpya wa camt.053, imebeba salio la kuanzia na salio la kufungia, na mimi ningeichagua kabla ya API inayotema mistari mitupu bila salio. Watu wanalipia neno API wakati walichohitaji ni hesabu inayofunga.

Anza kupima hapo, kwenye kufunga. Asubuhi akaunti ina dola 4,210. Zikaingia 1,800, zikatoka 2,350. Jioni lazima ibaki 3,660. Benki ikisema 3,654, kuna dola 6 ambazo kiungo hakikuziona. Pengine ni makato ya kutunza akaunti yaliyokatwa usiku. Kiungo kizuri kinasimama papo hapo, kinaweka alama kwenye siku hiyo na kukataa kuifunga. Cha wastani kinaandika kilichopata na kunyamaza. Kibaya kabisa kinatunga mstari wake chenyewe, kinauita "marekebisho," kinatia dola 6, na kila kitu kinang'aa kijani. Ukikuta mstari wa namna hiyo kwenye onyesho, funga mazungumzo kwa adabu, mshukuru fundi kwa muda wake.

Kinyume cha mstari uliopotea ni mstari unaofika mara mbili. Mtandao wetu unakatika katikati ya kazi, programu inarudia ombi, na benki inajibu tena yale yale. Kinga yake ni namba ya muamala, ile ambayo benki au kampuni ya simu inautolea kila muamala na haijirudii. Wapo mafundi wanaoikwepa namba hiyo na kutambua marudio kwa tarehe na kiasi: siku moja, kiasi kimoja, basi ni kitu kimoja. Jaribu ujanja huo kwenye duka la mabati. Wateja wawili wanalipa dola 50 kila mmoja kabla ya saa sita mchana, na programu inamfuta wa pili. Kwa hiyo jaribio lina pande mbili. Mwambie fundi alete siku ile ile mara mbili, mistari isiongezeke. Kisha alete malipo mawili ya kweli yanayofanana, yote mawili yabaki. Wengi wanafaulu la kwanza tu.

Sasa majina, na hapa programu zilizotengenezwa mbali zinaumbuka kabisa. Programu nyingi hupendekeza mteja kwa kusoma jina kwenye mstari wa benki. Kwa Wanande wa huku jina linatolewa kwa mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mwana wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, na mabinti wana mfululizo wao unaoanza na Masika. Daftari la madeni la depo yoyote ya Butembo limejaa akina Kambale. Nimeona skrini ambayo malipo ya Kambale wa saruji yamefuta deni la Kambale wa misumari, na programu ikajisifu kwamba ina uhakika wa asilimia tisini na kitu. Kiungo kinachofaa hapa kinashika namba ya simu, namba ya ankara, au rejea ambayo mteja ameombwa aiandike anapolipa. Hata namba ya simu ina mtego wake: benki inaandika 24381, daftari la duka linaandika 081, na fundi mzembe anazihesabu kuwa ni watu wawili. Jina liwe la kumsaidia binadamu anayetazama. Lisiwe la kuamulia. Na pale pasipo uhakika, mstari uende kwenye akaunti ya kungojea mpaka mtu auguse. Programu isiyo na mahali pa kungojea itakisia.

Kuna mambo mawili madogo yanayomtofautisha fundi aliyefanya kazi huku na aliyesoma tu. La kwanza ni nukta na mkato. Benki zetu nyingi zinaandika 1.250,00, programu nyingi zinasubiri 1,250.00. Fundi asiyeangalia ataingiza dola elfu moja mia mbili na hamsini kama dola moja na robo. La pili ni saa. Congo ina saa mbili: Butembo na Beni tuko mbele ya Kinshasa kwa saa nzima, na ukivuka Kasindi kuingia Uganda unaongeza nyingine. Malipo ya M-Pesa yaliyofanyika Beni saa sita na dakika ishirini usiku, kwa saa ya Kinshasa ni saa tano na dakika ishirini, yaani bado jana. Siku ya kawaida hilo ni karaha ya kulinganisha. Usiku wa 31 Desemba ni mauzo yanayohama mwaka. Muulize fundi programu yake inahifadhi saa ya wapi. Akijibu "ya kompyuta," endelea kumuuliza.

Sarafu ni sura peke yake. Mfanyabiashara wa Butembo anafikiri kwa dola: ananunua kwa dola Guangzhou au Dubai, analipa mzigo kwa dola mpaka Mombasa na Kasindi, anauza jumla kwa dola, na reja reja kwa faranga. Lakini sheria ya uhasibu ya OHADA, jumuiya ambayo Congo imo tangu 2012, inataka vitabu viandikwe kwa sarafu halali ya nchi. Kila mstari wa dola lazima upate bei ya faranga. Kiungo hafifu kina bei moja iliyoandikwa kwenye mipangilio siku programu ilipowekwa, na haijaguswa tangu hapo. Mwishoni mwa 2025, faranga ilipoimarika ghafla mbele ya dola, vitabu vya namna hiyo viligeuka hadithi. Kiungo cha kuaminika kinatunza vitu vitatu kwa kila mstari: kiasi kama benki ilivyokiandika, sarafu yake, na bei ya siku hiyo pamoja na chanzo chake. Kiasi cha asili hakifutwi kamwe. Bei ya mbadilisha pesa wa barabarani na bei ya Benki Kuu ni mbili tofauti, na ile tofauti iandikwe wazi kama faida au hasara ya ubadilishaji, isifichwe ndani ya mauzo.

Mpango wa hesabu wa SYSCOHADA uliorekebishwa, unaotumika tangu Januari 2018, unasaidia sana kupima, kwa kuwa umetenga mahali pa kila kitu. Benki ni 521. Pesa iliyomo kwenye simu ina chumba chake, 552. Pesa inapotoka kwenye simu kwenda benki inapitia 585, akaunti ya njiani. Chukua mauzo ya siku moja kwa M-Pesa: wateja ishirini wamelipa jumla ya dola 600, kampuni ya simu imekata ada yake, na kesho yake benki inaonyesha mstari mmoja wa 591. Kiungo cha hovyo kinaandika mauzo ya 591. Umeipunguza biashara yako, umeificha gharama, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 umeipiga kwenye kiasi kisicho chake. Chenye ubora kinaandika mauzo yote ishirini, ada kwenye 631, TVA iliyomo ndani ya ada kwenye 4454 kama risiti ipo, na zile 591 zinasubiri kwenye 585 hadi benki ikiri kuzipokea. Mwisho wa mwezi fungua 585 mwenyewe. Ikiwa sifuri, au ikibaki na pesa ya jana tu, kiungo kinafanya kazi. Ikiwa imevimba, kuna pesa iliyoondoka pasipo kufika, au kufika pasipo kutambuliwa. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho, na hakihitaji ujuzi wa kompyuta.

Beni pana mtihani mgumu zaidi, kakao. Mnunuzi anatoa dola nyingi benki kwa mara moja, anabadilisha sehemu kuwa faranga, anawagawia mawakala wanaokwenda vijijini kununua kwa kilo. Benki inaona kitu kimoja tu: kutoa taslimu. Programu "zenye akili" zinajifunza haraka kwamba kila kutoa kwa akaunti hii ni ununuzi wa kakao, na kuanzia wiki ya pili zinaandika hivyo zenyewe. Kumbe wakala bado yuko njiani, au amekwama kwa sababu barabara imefungwa baada ya shambulio, au amerudi na nusu ya pesa. Zile dola bado si kakao. Ni masurufu, 581 kwa lugha ya SYSCOHADA, na zitabaki hapo kwa jina la wakala mpaka karatasi za mzani zirudi. Kwa hiyo kanuni za kujiandikia, zile za "ukiona hivi andika hivi," zipime kwa ugumu wa kuzizima. Nzuri inapendekeza na kumngoja mhasibu. Pia inaandika nani alikubali.

Jambo la umri wa salio watu wanalipita haraka. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji ule zilifunga milango. Hali kama hiyo inapotokea, programu zote mbili, nzuri na mbaya, zitaonyesha salio. Nzuri itaandika pembeni: lilisomwa mara ya mwisho tarehe fulani, saa fulani, majaribio yaliyofuata yameshindikana. Mbaya itaonyesha tarakimu ile ile, kwa rangi ile ile, kama ya leo. Mtu ataahidi malipo kwa muuzaji wa Kampala akitegemea tarakimu hiyo.

Na ufunguo uko mikononi mwa nani? Fundi akikuomba nenosiri lako la benki ya mtandaoni ili programu yake "iingie kwa niaba yako," kataa, hata kama ni mtoto wa shangazi. Hiyo si API, ni kuazima kitambulisho chako. Ufunguo wa kweli unatolewa na benki, kwa jina la biashara, kwa kazi ya kusoma tu, na mwenye biashara anaweza kuufuta bila kumuuliza fundi. Usipokee funguo kwa WhatsApp. Kuruhusu programu kulipa ni ngazi nyingine kabisa. Ombi la kulipa likikatika katikati, jibu si "ndiyo" wala "hapana" bali "haijulikani," na programu ambayo haina neno la tatu italipa mara mbili. Miaka ya mwanzo, kusoma kunatosha.

Siyo kila duka linahitaji haya. Mwenye kibanda anayefuata mfumo mdogo wa OHADA, wa kuandika kilichoingia na kilichotoka, na ambaye akiba yake iko kwenye koperative yenye kitabu cha karatasi, atapoteza pesa kwa fundi bila kupata kitu. Daftari safi na nusu saa ya Jumamosi vinamtosha. Hesabu inabadilika mistari inapozidi ile ambayo mhasibu anaweza kuilinganisha kwa siku moja ya kazi, au akaunti zinapokuwa nne: dola, faranga, simu, na sanduku la pesa la dukani.

Ukiamua kununua, usijadili bei kabla ya kuomba jaribio la mwezi mmoja uliokwisha, mwezi ambao mhasibu wako ameshaufunga kwa mkono. Fundi aulete wote kwa kiungo chake, katikati ya kazi uchomoe modemu bila kumwambia, kisha uirudishe. Linganisha salio la kila siku, siyo la mwisho wa mwezi peke yake, maana makosa mawili hufutana. Halafu mwulize vyeti na funguo vinaisha muda lini, nani atavihuisha, na kwa bei gani, naye aandike majibu kwenye mkataba.