Faida ya Kuiga Picha ya Fundi

Wako wasemao ya kuwa aigaye picha ya mwenziwe ni mwizi wa akili. Lakini wazee husema, Kuuliza si ujinga. Na kuiga picha ya fundi ni kumwuliza mtu aliyekwisha kufa. Tazameni mfano mmoja.

Katika jumba la Louvre, mjini Paris, iko picha ya Baldassare Castiglione, aliyoifanya Raphael wa Italia kwa rangi za mafuta, yapata mwaka 1515. Rangi zake ni chache: nyeusi, kijivu, nyeupe, na nyuma yake rangi hafifu ya udongo. Hakuna pambo la kutupoteza. Macho yetu huenda moja kwa moja usoni pa mtu yule, naye hututazama kwa utulivu.

Mwaka 1639 picha hiyo iliuzwa kwa mnada Amsterdam. Rembrandt akaichora upesi kwa kalamu ya wino, akaandika na bei yake, gulden 3,500. Mchoro ule ni mistari michache tu. Walakini mwaka 1640 alijichora mwenyewe kwa rangi za mafuta, mwili umegeuka upande, kofia kichwani, macho yakitutazama sisi. Mkao ule aliuokota kwa mafundi wa Italia, bali uso na nuru ni vyake. Huku ndiko kuiga kwenye matunda.

Je, anayeanza amfuate Rembrandt? La, bado. Kalamu humfunza mtu mpango wa picha, haimfunzi rangi. Heri kwanza amfuate Rubens, aliyeiga picha ile ile ya Castiglione kwa rangi za mafuta zenyewe. Hapo mkono hujifunza taratibu: kwanza rangi nyembamba yenye mafuta machache, kisha kungoja ikauke, halafu zile zenye mafuta zaidi juu yake. Aigeuzaye taratibu hiyo, picha yake hupasuka nyufa. Tena hutambua ya kuwa kivuli cha shavu si cheusi, na weupe wa shati si weupe mtupu.

Ila nakala ikifanana sana, mtu asijisifu upesi. Na aiweke kando, amwombe jirani akae mbele yake, amchore. Hapo ndipo itakapojulikana kama alijifunza, au alifuata mistari tu.