Anza na Kigingi: Kuipima Picha ya Bahari ya Kamera ya Tundu

Ukiletewa picha ya pwani iliyopigwa kwa kamera ya tundu la sindano, usianze na maji. Maji humvutia kila mtu, maana yakiachiwa muda mrefu mbele ya filamu hugeuka moshi yenyewe, hata kwa mpigaji wa jana. Tafuta kilichosimama. Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, mimi hutazama vigingi vya mwani, maji yanapoanza kujaa. Kigingi kikiwa na ukingo unaosomeka, na maji yamekizunguka kama ukungu, hapo pana fundi. Vyote viwili vikififia, ama kamera ilitikisika, ama tundu limetobolewa vibaya.

Na tundu ndiyo kazi yenyewe. Kisanduku chenye kina cha milimita 50 kinataka tundu la takriban milimita 0.3, la duara kamili, kwenye bati la kopo la soda lililopigwa msasa mpaka ukingo usibaki na vinyuzi. Likipanuka, picha hupoteza ukali. Likiwa dogo mno, mwanga hutawanyika ukipenya na ukali hupotea vilevile. Kwa filamu ya ISO 100, jua kali hutaka sekunde moja au mbili. Jua likizama, ni dakika. Ndiyo maana mpigaji hana budi kuijua bamvua na maji mafu kama mvuvi. Ngalawa iliyokaa mchangani maji yakiwa yamekupwa hutoka na kila mstari wake. Inayoelea hutoka kivuli. Kivuli hicho ni kizuri mno ikiwa mwamba wa jirani umetulia.

Holga, kamera ya plastiki iliyotoka Hong Kong mwaka 1982, ina hukumu yake. Lenzi yake huona vyema katikati, pembe zikaingia giza. Basi uliza katikati pamewekwa nini. Upeo mtupu, bila jahazi wala mtu, hunichosha upesi.

Doa jekundu la mwanga uliovuja ndani ya kamera nalisamehe likiwa angani. Likikata mwamba silisamehe; tepu nyeusi ya mafundi umeme ingelizuia. Mkwaruzo ulionyooka kufuata urefu wa filamu ni mchanga. Kusi moja iliniharibia filamu nzima namna hiyo, na tangu hapo sifungui kamera ufukweni.

Kabla ya kununua, omba negativu uiinue dirishani. Palipo na povu pawe na weusi wa tabaka, si weusi mtupu. Ukiziona tabaka, agiza chapa kubwa.